Taa za UV za kusafisha hewa: jinsi ya kuzifunga, kuzipima na kuzitunza katika kliniki, madarasa na kumbi za Nairobi

Maswali ni yale yale kila mara. Mwenye kliniki Kayole anauliza kama taa ya zambarau aliyoiona dukani Luthuli Avenue itaua vijidudu vya kifua kikuu. Mwalimu mkuu anataka kujua kama wanafunzi wanaweza kukaa darasani taa ikiwaka. Mchungaji anauliza kama akishafunga taa anaweza kuziba madirisha yanayoingiza kelele za matatu. Kwa kifupi: la kwanza, hapana; la pili, ndiyo, mradi taa iwe juu ya vichwa na iwe imepimwa; la tatu, hapana. Yanayofuata ni maelezo ya majibu hayo matatu, pamoja na kazi yenyewe hatua kwa hatua.

Kabla ya yote, shika hili: taa ya UV ambayo haijapimwa kwa kipimio chake isiwashwe watu wakiwa ndani. Miale yake haionekani. Ule mwanga hafifu wa buluu unaouona ni sehemu ndogo tu ya kinachotoka kwenye tyubu, na hauwezi kukuambia kama taa inaua vijidudu au inaunguza macho ya wagonjwa wako. Ukikosa fedha za kupima, bado hujawa na fedha za kufunga.

Nadharia kidogo tu

UV ni miale ya urujuanimno. Inayotuhusu hapa ni UV-C, hasa ile yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254 inayotolewa na tyubu za mvuke wa zebaki. Miale hiyo huharibu chembe za urithi za bakteria na virusi, vikashindwa kuzaana. Jua letu, hata likiwa kali namna gani, halituletei UV-C, kwa sababu tabaka la ozoni huinyonya yote kabla haijafika chini. Taa za kunasa mbu, taa za kukaushia rangi ya kucha na taa za kukagua noti bandia hutumia UV-A. Hazisafishi hewa, hata uzifunge kumi.

Njia tunayoifuata ni ya kuangaza hewa ya juu ya chumba peke yake. Miale hupita karibu na dari, watu hukaa chini, na hewa huzunguka kati ya juu na chini. Mtafiti William Wells alianza kuitumia Marekani katika miaka ya 1930. Ushahidi uliotufaa zaidi sisi Waafrika ulitoka eMalahleni, Afrika Kusini, katika wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Hewa ya wodi ilipelekwa kwa simbilisi wa maabara, siku moja taa zikiwaka na siku ya pili zikiwa zimezimwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: taa zikisaidiwa na feni zilipunguza maambukizi kwa takriban asilimia 80. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziweka taa hizi miongoni mwa njia linazopendekeza za kuzuia kifua kikuu.

UV-C haiondoi vumbi, moshi wa jiko, moshi wa magari, harufu wala kaboni dayoksaidi. Kama tatizo lako ni vumbi la barabara au moshi wa jirani anayechoma taka, taa hizi si dawa yake.

Je, chumba chako kinafaa?

Pima kutoka sakafuni hadi darini. Chini ya mita 2.4, acha mpango huu. Mita 2.7 kwenda juu, kazi inakuwa rahisi. Sehemu ya chini ya kifaa lazima iwe mita 2.1 au zaidi kutoka sakafuni, na juu yake ibaki nafasi ya kutosha ya miale kupita.

Halafu angalia vitu ambavyo wauzaji hawaulizi. Je, ni bweni lenye vitanda vya ghorofa? Anayelala juu atakuwa ndani ya miale usiku kucha. Je, chumba kimegawanywa kwa plaiwudi isiyofika darini, kama ilivyo kwenye kliniki na ofisi nyingi za River Road na Eastleigh? Miale itaruka ukuta na kuingia kwa jirani, ambaye pengine ana rafu ya juu na kijana anayepanda kila saa kutoa bidhaa. Je, paa ni bati linalong'aa bila dari? Litarudisha miale chini. Hakuna kati ya haya kinachozuia kazi moja kwa moja, ila kila kimoja lazima kishughulikiwe kabla ya kununua.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Vifaa vya taa vya hewa ya juu vyenye luva, yaani mabamba membamba meusi yanayoilaza miale itoke kwa usawa bila kushuka.
- Ripoti ya maabara ya kila aina ya kifaa, inayotaja ni miliwati ngapi za UV-C zinazotoka nje ya kifaa chenyewe.
- Kipimio cha UV-C cha nanomita 254 chenye cheti cha kalibresheni, yaani uthibitisho kwamba kinasoma sawasawa, ambacho muda wake haujaisha.
- Feni ya darini, au mbili za ukutani, zinazoweza kuzunguka polepole.
- Fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Mwombe akuonyeshe.
- Swichi yenye ufunguo, iliyotenganishwa na swichi ya taa za kawaida, na kinga ya kupanda na kushuka kwa umeme.
- Miwani ya polikaboneti inayofunika hadi pembeni, glavu na shati la mikono mirefu kwa atakayepanda ngazi.
- Kipimio cha kaboni dayoksaidi, kidogo cha mezani.
- Alkoholi ya kusafishia, kitambaa kisichotoa nyuzi, tyubu za akiba, utepe wa kupimia na daftari gumu.

Kipimio cha UV-C ndicho kitu kitakachokushtua bei. Kliniki nne au tano za mtaa mmoja zinaweza kuchanga kama chama na kununua kimoja, kwa sababu kila moja itakihitaji siku chache tu kwa mwaka. Usitumie programu ya simu badala yake. Kamera ya simu na kipimio cha mwanga wa kawaida havioni nanomita 254.

Hatua ya 1: Anza na madirisha

Weka kipimio cha kaboni dayoksaidi chumbani watu wakiwa wamejaa. Nje utasoma karibu 420 ppm (sehemu kwa milioni). Ndani ikipita 1,000, watu wanavuta hewa iliyokwisha kutoka kwenye mapafu ya wenzao. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana, ondoa kabati lililoziba dirisha, toboa matundu ya juu ukutani, kisha usome tena. Kwa majengo yasiyo ya afya, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa sekunde; kwa vituo vya afya, lita 60 kwa kila mgonjwa.

Nairobi tumebarikiwa hali ya hewa inayoruhusu madirisha wazi miezi mingi. Lakini Julai baridi inauma na mama mwenye mtoto mchanga hatakubali dirisha wazi nyuma yake. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei hali ni hiyo hiyo. Na kuna majengo, hasa Pipeline na sehemu za Mathare, ambako dirisha linafunguka kwenye ukuta wa jengo la pili. Hapo ndipo UV inastahili gharama yake. Ikiwa madirisha peke yake yanatosha mwaka mzima, baki nayo, na fedha uzitumie kwingine.

Hatua ya 2: Chora chumba

Andika urefu, upana na kimo kwa mita. Chora milango, madirisha, viti, dawati la mapokezi, makabati marefu, televisheni ya ukutani na kila mahali ambapo mtu husimama au hupanda. Tia alama mahali ambapo mtu mmoja hukaa siku nzima, kama karani wa mapokezi. Huyo ndiye utakayempimia kwa makini kuliko wote.

Hatua ya 3: Hesabu dozi

Utafiti wa eMalahleni ulitoa kipimo rahisi: miliwati 15 hadi 20 za UV-C zinazotoka nje ya vifaa, kwa kila mita ya ujazo ya chumba.

Tuseme ukumbi wa kusubiria una mita 6 kwa 5, na kimo cha mita 3. Ujazo ni mita za ujazo 90. Zidisha kwa 15, upate miliwati 1,350. Kwa 20, upate 1,800. Kama kila kifaa kinatoa miliwati 500, vitatu vitakupa 1,500. Vinaonekana kutosha, lakini tyubu huchoka. Zikishuka hadi asilimia 80, vitatu vitabaki na 1,200 na utakuwa chini ya kiwango. Kwa hiyo mimi ningefunga vinne, mradi vipimo vya hatua ya 8 vikubali.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Wati zilizoandikwa kwenye tyubu ni za stima inayoingia. Tyubu ya wati 36 hutoa takriban wati 12 za UV-C, na ukishaifungia ndani ya luva, sehemu kubwa hubaki humo humo. Inayotoka ni kidogo sana. Vifaa viwili vyenye tyubu zinazofanana vinaweza kutofautiana mara kadhaa. Muuzaji akikwambia "hii ni wati 36, inatosha darasa", mwombe ripoti ya maabara. Akikosa ripoti, ondoka dukani.

Hatua ya 4: Chagua kifaa

Nunua chenye tyubu ya nanomita 254 isiyotoa ozoni. Tyubu nyingine hutoa pia nanomita 185, ambayo hugeuza oksijeni kuwa ozoni. Wauzaji huisifu harufu yake kuwa ni ya usafi, lakini ozoni hukwaruza mapafu, na mwenye pumu ataumia kwanza. Maandishi yakisema kinatoa ozoni, kirudishe.

Kataa kabisa taa ya UV-C isiyo na kifuniko, inayosimama mezani au kuchomekwa kwenye soketi kama balbu. Hiyo ni ya chumba kisicho na mtu. Ikiwekwa kwenye ukumbi wenye watu ni ajali inayosubiri saa yake. Kataa pia vifimbo vya kupitisha mkononi; havihusiani na hewa ya chumba.

Utasikia pia kuhusu taa za nanomita 222. Miale yake haipenyi sana ngozi wala jicho, hivyo inaweza kuelekezwa hata mahali walipo watu, ndani ya mipaka yake. Ni teknolojia nzuri, ila lazima iwe na kichujio maalumu, hutoa ozoni kiasi, na kipimio cha nanomita 254 hakiwezi kuikagua. Mwongozo huu hauihusu.

Hatua ya 5: Panga mahali pa kufunga

Funga ukutani au uning'inize kutoka darini, sehemu ya chini ikiwa mita 2.1 au zaidi. Elekeza miale upande mrefu wa chumba, mahali pasipo na kizuizi. Vifaa visitazame rafu, ngazi, dirisha la ghorofa ya juu au nafasi iliyo juu ya ukuta wa plaiwudi. Ukuta huo uinue hadi darini kabla ya kufunga chochote.

Dari ya PVC iliyo karibu na kifaa itageuka manjano na kuwa dhaifu. Nyaya zilizo wazi, mabango ya plastiki na mimea ya kuning'inia navyo vitaharibika. Viondoe au uvifunike kwa chuma. Bati linalong'aa lipake rangi isiyong'aa katika eneo la miale. Usihukumu kwa jicho, kwa sababu rangi nyingi nyeupe hunyonya UV-C ilhali alumini iliyosuguliwa huirudisha sehemu kubwa.

Hatua ya 6: Stima

Fundi atoe laini yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha umeme, aweke kinga ya kupanda na kushuka kwa umeme, na swichi yenye ufunguo mahali ambapo mtoto hafiki. Balasti, ambayo mafundi wengi huiita choki, iwe ile ile iliyotajwa na mtengenezaji. Umeme wetu ni volti 240, na kifaa cha volti 120 kutoka Marekani kitaungua siku ile ile.

Kuhusu bili: vifaa vinne vya wati 36, pamoja na balasti, hula karibu wati 160. Saa kumi ni yuniti 1.6 za tokeni.

Hatua ya 7: Feni

Usiiruke hatua hii. Nairobi wengi hawana feni kwa sababu ya baridi, na fundi akikuona unasita atakwambia si lazima. Ni lazima. Mgonjwa anakohoa chini, miale iko juu. Hewa isipozunguka, vijidudu vitabaki kwenye usawa wa pua za watu na taa itaangaza hewa ambayo tayari ni safi. Feni iende polepole, na kama ina swichi ya kugeuza, iisukume hewa kwenda juu ili watu wasihisi ubaridi. Iwake muda wote ambao taa zinawaka.

Hatua ya 8: Washa na upime, bila watu

Fanya hivi Jumapili au usiku, mlango ukiwa umefungwa na mtu mmoja akiulinda kwa nje. Tyubu mpya huyumba katika saa 100 za kwanza, kwa hiyo pima siku ya kwanza kwa ajili ya usalama, kisha upime tena baada ya saa 100 kwa ajili ya kumbukumbu. Kila mara ziache ziwake dakika 15 kabla ya kusoma chochote. Feni iwe inazunguka, kwa sababu mabapa yake yanaweza kurudisha miale chini.

Vaa miwani na mikono mirefu. Gawanya sakafu kwa miraba ya mita moja na utie alama kwa chaki. Katika kila mraba, inua kipimio hadi mita 1.75, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Kielekeze kwenye kifaa cha kwanza, kisha cha pili, kisha darini, kisha ukutani. Andika namba kubwa kuliko zote. Mahali penye viti, rudia kwa mita 1.2.

Sasa mipaka. Kiwango kinachotumika sana cha usalama wa kazini kwa nanomita 254 ni milijuli 6 kwa sentimita ya mraba kwa siku ya saa 8. Maana yake ni maikrowati 0.2 kwa sentimita ya mraba kwa mtu anayekaa hapo saa zote 8. Ukipata namba nyingine, gawa 6,000 kwa namba hiyo, upate sekunde zinazoruhusiwa kwa siku. Ukisoma 0.4, ni sekunde 15,000, yaani saa 4 na dakika 10. Ukisoma 1, ni dakika 100. Ukisoma 10, ni dakika 10 tu.

Kwenye dawati la karani, usikubali zaidi ya 0.2. Kwenye ujia ambao watu hupita na kuondoka, 0.4 inavumilika. Namba ikizidi, inamisha kifaa juu kidogo, kipandishe, badilisha mahali, au ufunike kinachorudisha miale, kisha uanze kupima upya chumba chote. Kuhamisha kifaa kimoja hubadilisha namba za mahali usipopatarajia.

Mwisho, panda ngazi ukiwa umevaa kinga zote na upime kila kifaa kutoka mbele yake, umbali wa mita moja kamili. Andika namba, tarehe na namba ya tyubu. Hiyo ndiyo kumbukumbu utakayoilinganisha na vipimo vyote vya baadaye. Katika eneo la juu, mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, wa mwaka 2009 unalenga wastani wa maikrowati 30 hadi 50 kwa sentimita ya mraba.

Hatua ya 9: Waambie watu

Bandika alama karibu na kila kifaa na kwenye swichi, kwa Kiswahili na Kiingereza, pamoja na picha: "Miale ya UV. Zima kabla ya kupanda juu ya mita 2." Kisha kaa na kila mfanyakazi, uanze na mhudumu wa usafi, fundi wa dari, mlinzi wa usiku na kijana anayebadilisha balbu. Hao ndio wanaoumia, si daktari. Mpe mtu mmoja ufunguo na jukumu, na jina lake liandikwe kwenye daftari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtwika mwajiri usalama wa wafanyakazi wake. Daftari hilo litakusaidia mkaguzi akija.

Hatua ya 10: Utunzaji

Kila mwezi, au kila wiki mbili kama uko karibu na barabara ya vumbi, zima, subiri zipoe, kisha ufute tyubu na luva kwa kitambaa chenye alkoholi. Usitumie sabuni wala maji, na usiguse tyubu kwa mikono mitupu, kwa sababu mafuta ya vidole hubaki kwenye kioo na kuzuia miale. Kila baada ya miezi sita, rudia kipimo cha mita moja na vipimo vya usawa wa macho. Rudia pia kila unapobadilisha tyubu, kupaka rangi au kuhamisha samani.

Tyubu nyingi huahidi saa 9,000 hivi. Zikiwaka usiku na mchana ni mwaka mmoja. Zikiwaka saa 10 kwa siku, siku sita kwa wiki, zitakaribia miaka mitatu. Usingoje zizimike: tyubu huendelea kung'aa buluu muda mrefu baada ya nguvu yake ya kuua kwisha. Namba ikishuka chini ya asilimia 70 ya ile ya mwanzo, badilisha. Na usizime na kuwasha mara kwa mara kwa kuokoa tokeni, kwani huko ndiko kunakoua tyubu upesi.

Tyubu zilizokwisha zina zebaki. Hazitupwi kwenye pipa la taka wala hazichomwi. Zihifadhi kwenye katoni yake, uzipeleke kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Matatizo na tiba zake

*Mfanyakazi anasema macho yanakwaruza kama yamejaa mchanga.* Zima taa zote mara moja. Kuungua kwa jicho kwa UV hujitokeza saa kadhaa baadaye, mara nyingi kati ya saa 6 na 12, kwa hiyo muulize alikuwa wapi asubuhi, si sasa hivi. Asisugue macho, avue lenzi, aende kliniki ya macho. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili. Usiwashe tena hadi upime mahali alipokuwa. Mara nyingi utakuta mtu amegonga kifaa na fagio la utando kikainama, au ameweka kabati jipya la chuma.

*Tyubu haiwaki.* Zima stima kwenye kisanduku. Jaribu tyubu ya akiba. Ikikataa, ni balasti, hasa kama umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo. Balasti ni kazi ya fundi.

*Kuna harufu kali kama baada ya radi.* Hiyo ni ozoni. Umeuziwa tyubu isiyo sahihi. Zima, fungua madirisha, rudisha.

*Namba za mita moja zimeshuka ghafla baada ya mwezi.* Safisha kwanza, pima tena. Ikibaki chini, angalia cheti cha kipimio, kisha balasti.

*Tyubu imevunjika.* Zima, toa watu, fungua madirisha na subiri angalau dakika 15. Vaa glavu. Usifagie wala kutumia mashine ya kunyonya vumbi. Okota vipande kwa karatasi ngumu, maliza chembe za kioo kwa utepe wa kunata, na uweke vyote kwenye chupa yenye kifuniko.

*Miezi ya mvua hewa ni nyevu, je, taa zinafanya kazi?* Unyevu ukipita asilimia 60 au 70 nguvu hupungua, lakini haiishi. Usiongeze vifaa bila kurudia vipimo vya hatua ya 8. Fungua madirisha mvua inapopungua, na uhakikishe feni inazunguka.

*Kaboni dayoksaidi bado iko juu.* Itabaki hivyo, UV haiigusi. Rudi hatua ya 1.

*Taa ziko sawa, namba ziko sawa, lakini watu bado wanaambukizana.* Miale husafisha hewa inayozunguka chumbani. Haimfikii anayekohoa usoni mwa aliyekaa naye benchi moja. Mlangoni pawe na mtu anayeuliza kila anayeingia kama ana kikohozi. Mwenye kikohozi apewe barakoa, akae benchi lililo karibu na dirisha, na atangulizwe kuonana na daktari hata kama foleni italalamika.